Rekodi za Huangpu, chuo cha majemadari cha Guangzhou

Tarehe 16 Juni 1924, Sun Yat-sen alifungua chuo cha kijeshi cha Huangpu katika kisiwa cha Changzhou, Guangzhou. Majemadari wa pande zote mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya China walipitia hapo. Hizi ni rekodi zao.

Jina lililosafiri mbali zaidi. Jina la mshauri mmoja wa Huangpu lilianzia Ulaya: Gebhard von Blücher, mzaliwa wa Rostock mwaka 1742, alianza uaskari katika jeshi la Sweden. Alitekwa na Waprusi mwaka 1760, akahamia kwao. Alipata ufildimashali mwaka 1813, na miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 72, akapambana na Napoleon huko Waterloo. Sifa zake zilifika Urusi, ambako kabaila mmoja alimpachika mtwana wake jina hilo. Katika ukoo huo akazaliwa Vasily Blyukher, aliyefika Guangzhou mwaka 1924 akijiita Galen, akawa mshauri mkuu wa kijeshi.

Nishani ya kwanza. Blyukher huyo ndiye mtu wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Bendera Nyekundu, mwaka 1918. Mwaka 1935 akawa mmoja wa mamarshali watano wa kwanza wa Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1938 serikali hiyohiyo ilimkamata, akafia gerezani.

Mafunzo ya haraka zaidi. Kundi la kwanza lilisoma miezi sita tu, kisha likaingia vitani.

Kiongozi kijana. Zhou Enlai alikabidhiwa idara ya siasa akiwa na miaka 26. Juni 1965, akiwa Waziri Mkuu wa China, alikuwa mgeni wa Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam.

Marshali mdogo kuliko wote. China ilipoteua mamarshali kumi mwaka 1955, Lin Biao wa kundi la nne alikuwa na miaka 47.

Deni zito zaidi. Mwaka 1925 Chen Geng alimbeba mkuu wa chuo, Chiang Kai-shek, mgongoni na kumtoa katika hatari. Chen baadaye akawa kamanda mashuhuri wa Wakomunisti, waliopigana na Chiang. Chiang alipomkamata mwaka 1933, hakumuua.

Vita vichungu zaidi. Desemba 1948, Chen Geng alikuwa kati ya makamanda waliolizingira jeshi la Huang Wei, jenerali wa Chiang, hadi Huang akatekwa. Wote wawili walikuwa wa kundi la kwanza la Huangpu.

Kwangu hii ya mwisho ndiyo rekodi inayopaswa kukumbukwa kuliko nishani zote. Chuo kilijengwa ili kuiunganisha China, lakini wahitimu wake wakamwaga damu ya wenzao. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou kila mwaka wavuke mto wakakione: majengo yaliyobomolewa kwa mabomu ya Wajapani yamejengwa upya, na sasa ni makumbusho.