Papa Mfumu'eto alichora, akachapa, akauza mwenyewe: somo kwa wasanii wa Bukavu

BUKAVU, Kivu ya Kusini – Kila asubuhi, nyumba za fotokopi za mji huu zinatoa barua za kuomba kazi, TFC za wanafunzi na matangazo ya matanga. Karibu vyote ni kwa Kifaransa. Hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili ambacho wakaaji wa Kadutu na Bagira wanasema kila siku ni haba kwenye karatasi. Lakini mashini ya kuzichapa ipo, na mchoraji mmoja wa Kinshasa alikwisha kuonyesha njia zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Anajulikana kwa jina la Papa Mfumu'eto wa Kwanza. Kwa Kikongo, Mfumu'eto maana yake ni «mkubwa wetu». Mwaka 1990, wakati Mobutu alipokubali vyama vingi na magazeti yakaanza kuongezeka, yeye hakungoja mchapishaji wa Ulaya. Alianza kutoa vijitabu vya picha kwa Lingala, lugha ya barabara za Kinshasa. Hadithi aliitunga mwenyewe, akaichora kwa wino, akaichapa kwenye karatasi ya bei ya chini, kisha ikauzwa sokoni na barabarani.

Hadithi iliyompa jina ni ya mwanaume mwenye mali anayempeleka mwanamke nyumbani kwake. Usiku anageuka chatu, anammeza, kisha anatapika pesa. Uvumi wa namna hiyo ulikuwa ukizunguka mjini. Wengi waliona ndani yake sura ya wakubwa wa utawala ule: utajiri wao unatoka wapi, na nani analiwa ili wao washibe? Mwenye kusoma alielewa bila kuelezwa.

Mfumu'eto hakubaki kwenye vijitabu tu. Anapaka rangi kwenye vitambaa vikubwa pia, na anajichora mwenyewe ndani ya hadithi zake. Siasa, ndoto, uchawi na magomvi ya ndoa vinakaa pamoja kwenye ukurasa mmoja. Mwaka 2015 kazi zake zilionyeshwa mjini Paris, katika maonyesho ya Beauté Congo ya Fondation Cartier.

Kuna upande wa uchungu pia. Sehemu kubwa ya karatasi zake leo inatunzwa na Chuo Kikuu cha Florida, nchini Marekani. Huko zimepona na unyevu, panya na moto. Lakini kijana wa Kongo anayetaka kuzishika kwa mkono, anahitaji visa.

Je, jambo hili ni la Kinshasa na Lingala tu? Hapana. Mwaka 1965 huko Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji wake kwa niaba ya chama cha wafanyakazi wa nyumbani, wale waliokuwa wakiitwa «maboyi» na wazungu. Ilipigwa kwa mashini ya kuandikia, ikatolewa nakala. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili cha Katanga, kama kilivyosemwa. Mtafiti Johannes Fabian aliitoa kitabuni mwaka 1990, na leo wanahistoria wanaisoma kama ushuhuda mkubwa. Wapishi na maboyi hawakuomba ruhusa ya kuandika historia yao.

Kwa Bukavu, mji ambao waasi wa M23 waliuingia Februari 2025 na benki zikafunga milango, kutafuta mfadhili wa kitabu ni kazi ngumu. Kusema wazi juu ya wenye nguvu ni hatari zaidi. Ndiyo maana chatu wa Mfumu'eto bado ana kazi: hadithi inapita mahali ambapo tangazo haliwezi kupita.

Hesabu yake si kubwa. Karatasi mbili za A4, zikichapwa pande zote na kukunjwa katikati, zinatoa kijitabu cha kurasa nane. Pini mbili zinatosha kukishika. Kinachobaki ni hadithi, mkono wa kuchora, na ujasiri wa kukiuza.

Na nakala moja iwekwe kando, katika maktaba ya shule au ya parokia. La sivyo, wajukuu wetu nao watatafuta Bukavu yao huko Florida.