Jinsi Wataalamu Wanavyochungulia Tumbo la Mtoto

Kwa karne nyingi tumbo la mtu aliye hai lilikuwa kama chumba kisicho na dirisha. Mganga aliweza kulibonyeza na kulisikiliza, wala hakuweza kuona yaliyomo. Mwaka 1868, katika mji wa Freiburg nchini Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alifaulu kupitisha bomba la chuma lililonyooka hadi tumboni mwa mtu aliyejipatia riziki kwa kumeza panga mbele ya watazamaji. Ni dhahiri kwamba chombo cha namna hiyo hakikumfaa mtoto.

Njia ilifunguka kwa msaada wa fizikia. Mwanafunzi aliyesoma habari za mwanga anajua kwamba mwali ukiwa ndani ya kioo na kuupiga ukingo wake kwa pembe kubwa ya kutosha hautoki nje, bali huakisiwa wote ndani. Kwa hiyo uzi mwembamba wa kioo huweza kuuongoza mwanga hata pale uzi wenyewe unapopinda. Mwaka 1954 Harold Hopkins na Narinder Kapany wa London walionyesha kuwa fungu la nyuzi hizo huweza kusafirisha picha. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, aliyekuwa akifanya kazi Michigan, Marekani, alikijaribu chombo chake cha nyuzi za kioo katika koo lake mwenyewe kabla ya kukitumia kwa mgonjwa. Katika endoskopu nyingi za leo nafasi ya fungu la kuleta picha imechukuliwa na kamera ndogo mno iliyopachikwa nchani.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Endoskopu ya kawaida ina unene wa milimita 9 hadi 10. Ya mtoto mchanga haina budi kuwa ya milimita 5 au 6 hivi. Tatizo kubwa zaidi ni pumzi. Bomba la hewa, ambalo liko mbele ya umio, bado ni laini kwa mtoto mchanga, na chombo kinachopita nyuma yake huweza kulibana. Aidha, hewa inayopulizwa ili kulitanua tumbo, ikizidi, husukuma kiwambo juu na kuyanyima mapafu nafasi. Kwa sababu hizo watoto wengi hulazwa kwa nusukaputi, na mtaalamu wa nusukaputi hukaa kichwani pa mgonjwa akiangalia mapigo ya moyo na oksijeni ya damu tangu mwanzo hadi mwisho. Kabla ya hapo mtoto hufungishwa: maji huachwa saa 2 kabla, maziwa ya mama saa 4, na chakula saa 6, ili asitapike na kuvuta matapishi mapafuni.

Mtoto hulazwa ubavu wa kushoto. Ncha hupitishwa umioni, tumboni, hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Kupitia tundu lililomo ndani ya chombo, koleo ndogo huchuna vipande vya utando vya kuangaliwa kwa hadubini. Utando huo hauna hisia ya kukatwa. Utumbo mpana huchunguzwa kutoka chini, baada ya kusafishwa kwa dawa ya kuharisha.

Lakini si kila uchunguzi una nafasi ya kungoja mfungo. Mtoto akimeza sarafu ikakwama umioni, naye anapumua vema na kumeza mate, madaktari wanaweza kungoja saa kadhaa. Akimeza betri bapa ya saa au ya kifaa cha mbali cha televisheni, mambo ni mengine kabisa. Katika eksirei vitu hivi viwili hufanana. Jicho lililozoea hutafuta duara la pili ndani ya ukingo, ambalo ni dalili ya betri. Mate ni kimiminika kinachopitisha umeme. Betri ikigusa kuta mbili za umio, mkondo hupita, na kwenye ncha hasi hutokea haidroksaidi, yaani alkali kali ya jamii ile ile ya soda ya kutengenezea sabuni. Somo la elektrolisisi hufanyika kooni mwa mtoto! Madhara makubwa huweza kutokea katika muda wa saa 2 tu. Hata betri iliyokwisha nguvu ya kuendesha saa huweza kuunguza. Mzazi asimlazimishe mtoto kutapika, bali amkimbize hospitali.

Daktari huishika betri kwa koleo au wavu mdogo, akaitoa pamoja na chombo, kisha hurudi kuangalia ukubwa wa kidonda na upande ulioelekea upande wa hasi, kwani ndiko uharibifu unakozidi. Kazi haiishii hapo. Kidonda huweza kuendelea kuchimba kwa siku na hata majuma, kuelekea bomba la hewa au mshipa mkuu wa damu. Hivyo mtoto anayetapika damu, hata kidogo, baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani hurudishwa hospitali saa ile ile.