GARI GONJWA LIUZWEJE?

Mwaka huu nimeona niandike juu ya jambo ambalo halimo katika silabasi lakini limo katika maisha yetu ya kila siku hapa Amagoro. Jambo lenyewe ni uuzaji wa gari kuukuu ambalo mwenyewe anajua lina ugonjwa.

Sisi tunaishi kando ya ile barabara kuu itokayo Mombasa, ikapita Nairobi, Nakuru na Eldoret hadi Malaba, kisha ikaingia Uganda. Magari yaliyotumika Japani hupita mbele ya macho yetu yakielekea ng'ambo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, nayo Uganda tangu mwaka 2018 imekataza kuingiza lenye miaka 15 au zaidi. Hata hivyo, gari likishaingia nchini huuzwa na kuuzwa tena. Mwalimu humwuzia mwenye duka, mwenye duka humwuzia mwenye teksi, naye mwenye teksi humtafuta mtu wa nne. Ndiyo maana gari lisilo na kasoro hata moja huku kwetu ni adimu kama maziwa ya kuku.

Je, mtu akijua gari lake lina ugonjwa, ana ruhusa ya kuliuza? Wengine husema hapana, huo ni wizi. Wengine husema, "Biashara ni biashara, mnunuzi ana macho yake." Mimi naona pande zote mbili zimekosea. Gari gonjwa linaweza kuuzwa, na mara nyingi lina mnunuzi wake. Kisichofaa kuuzwa pamoja nalo ni uongo.

KASORO ZENYEWE

Ili nisiandike mambo ya kubahatisha, nilimtembelea fundi mmoja wa jua kali hapa Amagoro, ambaye hakupenda jina lake liandikwe. Alinieleza kwamba kasoro ni za namna tatu.

Kwanza kuna uchakavu wa kawaida. Viti vimechanika, rangi imepauka, tairi zimekwisha. Hizi kila mtu anaziona, na hakuna haja ya kubishana.

Pili kuna kasoro zilizojificha ndani ya injini na gia. Mfano mzuri ni gasketi ya kichwa cha injini. Gasketi hukaa katikati ya sehemu mbili za injini, na kazi yake ni kutenganisha moto, maji na oili ili kila kimoja kikae njia yake. Ikiungua, maji huingia mahali pa moto au hukutana na oili. Gari la namna hiyo huweza kutoka Amagoro hadi Malaba bila shida yoyote, kwa sababu mwendo ni mfupi. Lakini likipelekwa Bungoma hadi Webuye likiwa na mzigo, huanza kuchemka kama sufuria ya ugali. Basi mnunuzi anayelijaribu kwa dakika kumi tu hawezi kujua kitu, na mwuzaji anajua kila kitu.

Tatu kuna kasoro za kuua. Hizi ni za breki, usukani na miguu ya gari. Juu ya hizi nitasema baadaye, kwa maana zina sheria yake peke yake.

UJANJA WA KUFICHA

"Kijana wangu," fundi akaniambia, "gari haidanganyi. Ni mtu anadanganya." Kisha akanihesabia ujanja anaoujua.

Gari linalokula oili kwa sababu ringi zimechoka hutoa moshi wa buluu. Mwuzaji mjanja hutia oili nzito sana ili moshi upungue kwa siku chache. Gia inayolia huwekwa unga wa mbao pamoja na oili, nayo hunyamaza kwa muda. Taa ya dashibodi inayoonya kwamba kuna hitilafu hutolewa globu, isiwake kamwe. Gari linalokataa kuwaka asubuhi huwashwa mapema kabla mnunuzi hajafika, ili alikute lina joto na liwake mara moja. Mita ya kilomita nayo hurudishwa nyuma, gari la mzee likawa la kijana.

Lakini kila ujanja una dawa yake. Mnunuzi na aombe alikute gari likiwa baridi, aguse boneti kwa mkono wake kabla halijawashwa. Afungue kifuniko cha oili: akiona uji wa rangi ya chai ya maziwa, ajue maji yamekutana na oili. Atazame moshi. Wa buluu ni oili inaungua, mweusi ni mafuta yanayozidi, na mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto ni dalili ya maji. Afungue swichi bila kuwasha injini: taa za onyo zinatakiwa kuwaka zote, kisha zizimike injini ikinguruma. Isiyowaka kabisa ina siri. Akanyage breki na kuishikilia. Ikizama polepole, kuna mahali panapovuja. Na rejeta isifunguliwe ikiwa moto, maana maji yake yanaweza kumbabua mtu uso. Zaidi ya hayo yote, aende na fundi wake mwenyewe, si fundi wa mwuzaji.

SHERIA INASEMAJE?

Watu wengi hufikiri sheria haijishughulishi na mambo haya. Si kweli. Kenya ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ya tangu enzi za ukoloni, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893. Kwa sheria hiyo, mtu wa kawaida anayeuza gari lake hachukuliwi kuwa ametoa ahadi juu ya uzima wake ikiwa hakusema lolote. Lakini mfanyabiashara wa magari ana mzigo mkubwa zaidi: bidhaa zake zinatakiwa kuwa za hali inayofaa kuuzwa. Hata hapo, mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua.

Msomaji anaweza kusema, "Basi nikinyamaza nimepona!" Pole pole. Kunyamaza ni jambo moja na kudanganya ni jambo lingine. Mnunuzi akiuliza, "Gari hii inachemka?" nawe ukajibu, "Haijawahi," hali unajua inachemka, hapo umetoa maelezo ya uongo, na mkataba unaweza kuvunjwa mahakamani. Kujipatia mali kwa maneno ya uongo ukiwa na nia ya kulaghai ni kosa la jinai, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 313, inaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 3. Na uongo si wa mdomo tu. Kitendo pia huweza kudanganya, na unga wa mbao ndani ya gia ni kitendo.

Aidha, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa mteja haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari anazohitaji kuhusu bidhaa hizo. Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya mwaka 2012 nayo inawakataza wafanyabiashara kutoa maelezo ya uongo.

UONGO HUUMIZA HATA MKWELI

Sasa nije kwenye jambo lililonishangaza zaidi. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala mafupi juu ya soko la magari yaliyotumika. Wamarekani huliita gari lenye kasoro zilizofichika "limau". Mwaka 2001 yeye na wenzake wawili, Michael Spence na Joseph Stiglitz, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kuchunguza masoko ambamo upande mmoja unajua mengi kuliko mwingine.

Hebu tuyaeleze mawazo yake kwa hesabu ya kwetu. Tuseme kuna magari kumi yanayofanana yanauzwa Malaba. Matano ni mazima, na kila moja lina thamani ya shilingi 500,000. Matano ni magonjwa, na kila moja lina thamani ya shilingi 300,000. Wauzaji wote wanasema, "Gari iko sawa kabisa." Mnunuzi hawezi kutofautisha, kwa hivyo anaogopa na kutoa bei ya katikati, shilingi 400,000. Mwenye gari zima anakataa na kurudi nalo nyumbani. Mwenye gari gonjwa anakubali haraka huku akicheka moyoni. Baada ya muda, sokoni yanabaki magonjwa matupu, na wanunuzi wakishagundua hawatoi zaidi ya 300,000.

Mnaona? Mwongo hakumwibia mnunuzi peke yake. Amemwibia pia jirani yake mkweli mwenye gari zima, kwa sababu neno la mkweli limepoteza bei. Mzazi anayetaka kuuza gari lake zuri ili alipe karo anapunguziwa pesa kwa uongo ambao hakuusema yeye.

JINSI YA KUUZA KWA HALALI

Mtu hauzi gari kwa raha. Huuza kwa sababu ya karo, hospitali au matanga, na ndiyo maana kishawishi cha kuficha ni kikubwa. Lakini upande wa pili pia kuna mtu. Jirani yetu mmoja alichukua mkopo wa ushirika akanunua Probox ya kubeba abiria. Aliyemwuzia aliapa kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Wiki ya pili gasketi iliungua, kichwa cha injini kikapinda. Gari likalala, mkopo haukulala. Mtoto wake, ambaye nilisoma naye shule ya msingi, alikaa nyumbani muhula mzima. Yule mwuzaji alikuwa amekwisha kuvuka mpaka, simu hashiki.

Afanyeje basi mwenye gari gonjwa? Kwanza, amwite fundi alipime na kuandika ugonjwa pamoja na gharama ya kuutibu. Pili, apige hesabu. Ikiwa gari zima ni shilingi 500,000 na matengenezo ni 60,000, aanzie 440,000, kisha apunguze kidogo kwa usumbufu atakaoupata mnunuzi. Tatu, aitaje kasoro mwenyewe kabla hajaulizwa. Mnunuzi aliyeambiwa juu ya gasketi ataamini pia kwamba gia ni nzima. Wapo mafundi na watu wa spea ambao hutafuta magari ya namna hii makusudi, kwa kuwa wanaweza kuyatengeneza kwa gharama ndogo.

Nne, waandikiane. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika karatasi ya mapatano iandikwe wazi: "Mnunuzi ameelezwa kwamba gasketi imeungua, naye amekubali." Wote wawili watie sahihi mbele ya mashahidi. Karatasi hiyo humlinda mnunuzi leo na mwuzaji kesho.

Tano, wabadilishe jina la mwenye gari kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Sheria ya Trafiki husema kwamba aliyeandikishwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na kwamba gari lililohamishwa lisiendeshwe zaidi ya siku 14 kabla mwenyewe mpya hajaandikishwa. Huku mpakani jambo hili ni muhimu mara mbili. Gari likitumika katika magendo, nawe jina lako bado limo, polisi wataanza kubisha kwako.

GARI LISILOFAA KUUZWA

Nilisema kasoro za kuua zina sheria yake. Gasketi iliyoungua humla mnunuzi pesa. Breki iliyokufa humla abiria, na abiria hakuwepo mlipokuwa mkipatana bei. Probox zinazotubeba kwenda shuleni siku za mvua hujaa kuliko viti vilivyomo. Hakuna mwanafunzi anayeinama kukagua breki kabla ya kupanda. Mnunuzi anaweza kukubali hatari kwa niaba yake mwenyewe, lakini hawezi kukubali kwa niaba yetu. Sheria ya Trafiki yenyewe hukataza kuendesha barabarani gari ambalo hali yake ni ya hatari. Kwa hivyo gari la namna hii litengenezwe kwanza, au livutwe hadi gereji na kuuzwa vipande vipande kama spea.

Wako watakaosema, "Ukisema ukweli utakaa na gari lako mpaka liote nyasi." Ni kweli kwamba mkweli huweza kungoja siku nyingi na kupata pesa kidogo kuliko mwongo. Silifichi hilo. Lakini Malaba na Busia si miji mikubwa. Watu wa pande hizi mbili za mpaka ni ndugu, wanaoana na kuzikana, na habari ya Amagoro hufika Tororo kabla ya gari lenyewe. Anayeuza gari moja kwa uongo atakuja na ng'ombe, atakuja na shamba, na watu watakuwa wanamkumbuka.

Nikitamatisha, wenzangu, baadhi yetu tutakuwa mafundi, baadhi mabroka na wengi tutakuwa wanunuzi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya gari huumbuka haraka zaidi, kwenye mlima wa kwanza. Ukiwa na gari gonjwa, liuze. Taja ugonjwa wake, punguza bei yake, andika, kisha lala usingizi. Kalamu yangu naiweka chini.