Je, Wajua? Masharti ya Kuwasimamia Polisi Uingereza

Je, wajua kwamba huko England na Wales wananchi humpigia kura mtu wa kuwasimamia polisi wa eneo lao? Anaitwa kamishna wa polisi na uhalifu. Sheria ilipitishwa 2011, uchaguzi wa kwanza ukafanyika Novemba 2012. Yeye ndiye humteua mkuu wa polisi, na anaweza kumwondoa.

Je, wajua kosa la utotoni laweza kumfungia mtu mlango huo maisha yake yote? Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo mtu mzima angeweza kufungwa jela hagombei, hata kama alilipa faini tu. Mwaka 2012 Bob Ashford alijitoa huko Avon and Somerset kwa hatia ya 1966, alipokuwa na miaka 13: kuingia eneo la reli bila ruhusa na kukutwa na bunduki ya upepo. Na huyu alikuwa amefanya kazi ya kuwarekebisha vijana waliokosa! Anayesimamia polisi awe msafi, sawa. Lakini kumhukumu mzee kwa utundu wa mtoto ni dhuluma, hasa kwa kuwa mbunge huzuiwa tu akiwa anatumikia kifungo kinachozidi mwaka mmoja.

Wiltshire, Mei 2021, Jonathon Seed alishinda lakini hakuapishwa. Hatia ya zamani ya kuendesha gari akiwa amelewa ilikuwa imeibuka, na wapigakura wakarudi vituoni Agosti.

Je, wajua mameya, ambao baadhi yao hushika kazi ya kamishna katika maeneo yao, nao hawako sawa? Dan Jarvis alikuwa meya wa South Yorkshire na mbunge kwa wakati mmoja, kwa sababu umeya wake haukuwa na mamlaka juu ya polisi. Tracy Brabin alipochaguliwa West Yorkshire 2021, umeya ukiwa na mamlaka hayo, ilibidi aache ubunge.

Askari polisi aliye kazini hagombei. Dhamana ya mgombea ni pauni 5,000, na asiyezidi asilimia 5 ya kura haioni tena.

Je, wajua Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda anaweza kugombea bila kuwa raia wa Uingereza? Nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola. Akiwa na miaka 18, kibali cha kuishi huko bila kikomo, na jina lake katika daftari la wapigakura la eneo hilo, uraia wake haumzuii.