Vazi la kazi (sehemu ya tatu): Kioo cheusi na macho ya anayeshika chuma

Wiki mbili zilizopita tulianza na kofia, tukashuka hadi kwenye buti. Leo ilikuwa zamu ya mikono, lakini juzi nilipita kwenye karakana ya mageti jirani na ninapoishi, na niliyoyaona yamenilazimu niyatangulize macho.

Fundi alikuwa anaunga fremu ya geti. Usoni alivaa miwani ya jua, ile inayouzwa na wamachinga kwenye foleni. Msaidizi wake, kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinamtoka, alishika mabomba mawili yasitoke kwenye pembe mraba. Yeye hakuwa na miwani yoyote. Fundi akisema "funga", kijana anageuzia uso begani na kufumba macho. Rodi inagusa chuma, ukuta mzima unamulikwa. Fundi akisema "haya", kijana anafumbua na kutazama kama pembe imekaa sawa. Nilihesabu mara kumi na nne kabla fundi hajainuka kunyoosha mgongo. Mara mbili kati ya hizo, rodi iligusa kabla ya neno kutoka.

Mwanga wa kuchomelea kwa umeme una mambo matatu ndani yake: mwanga mkali tunaouona, miale ya joto, na miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Hii ya mwisho huunguza utando wa mbele ya jicho kama jua linavyobabua ngozi. Ubaya wake ni kwamba haiumi papo hapo. Maumivu huja baada ya saa sita hadi kumi na mbili, hivyo aliyeshika chuma alasiri hushtuka usiku wa manane akihisi amemwagiwa mchanga machoni. Nayajua maumivu hayo. Nikiwa mwanafunzi wa ufundi nilishika chuma siku nzima bila kioo, na usiku ule sikuweza hata kuufuata mwanga wa kibatari kwenda mlangoni. Marehemu mama alikaa nami mpaka kukakucha, akiloweka kitambaa na kunibandika.

Mafundi wengine huweka vipande vya kiazi kibichi, wengine hudondoshea maziwa. Tafadhali acheni. Utando ule hujijenga upya wenyewe kwa siku moja au mbili, na katika muda huo ni kidonda kilicho wazi. Kiazi cha sokoni kinaingiza vijidudu. Kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, chumba chenye giza na dawa ya kawaida ya maumivu vinatosha kuupitisha usiku. Maumivu yakizidi siku mbili, au kama kuna chembe ya chuma iliyoruka kutoka kwenye grenda, nenda hospitali.

Sasa turudi kwenye miwani ile ya foleni, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa lenyewe linaeleweka. Kioo ni cheusi, mwanga unapungua, mtu anaona yuko salama. Lakini weusi una vipimo. Miwani ya kawaida ya jua hupitisha kati ya sehemu 8 na 18 za kila sehemu 100 za mwanga unaoonekana. Kioo cha kuchomelea namba 10 hupitisha sehemu moja au mbili tu za kila sehemu 10,000. Tofauti hiyo ni ya mamia ya mara. Tena miwani imeacha wazi pembeni, juu na chini, na mwanga unaogonga bati jeupe hurudi kupitia hapo hapo. Ngozi ya uso na shingo nayo inaungua bila kizuizi.

Kwa hiyo ukienda dukani usiulize "kioo cheusi", uliza namba, na uione imechongwa kwenye kioo chenyewe. Kwa rodi za geji 12 na geji 10, ambazo ndizo zinazotumika kwenye mageti na madirisha ya grili, chukua namba 10 au 11. Kioo namba 5 ni cha gesi. Ukikitumia kwenye umeme umejidanganya. Mbele ya kioo cheusi weka kioo cheupe cha kupokea cheche, ukibadilishe kikishajaa vidoa, kwa sababu fundi asiyeona vizuri husogeza uso karibu na moto.

Nisiwalaumu mafundi bure. Ngao ya kushika inakula mkono mmoja, na mkono huo unahitajika kutuliza chuma. Ngao ya kichwani nayo, ikishushwa, ni giza tupu. Huoni pa kuanzia mpaka rodi iwake. Ndiyo maana miwani ya jua inapendwa: inamwonyesha fundi mahali anapoanzia. Tatizo hilo ni la kweli, na jibu lake lipo, nalo ni ngao ya kichwani inayojifunga giza yenyewe. Kioo chake ni cheupe kidogo kabla ya moto, kisha hugeuka cheusi kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na huzuia urujuanimno hata kikiwa cheupe. Bei yake ni kubwa kuliko ya ngao ya kawaida, lakini pale uwezo ulipo, mimi ningeanza na hiyo kabla ya kununua grenda ya pili.

Mavazi nitayapitia haraka. Ovaroli ya mtumba inafaa ikiwa ni ya pamba. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uuwashe: wa pamba unanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu, wa poliesta unajikunja na kuacha punje ngumu. Punje ile ile ndiyo inayoganda kwenye ngozi cheche ikikuangukia. Suruali ifunike buti, isiingizwe ndani yake.

Moshi hauna nafasi ya kupitwa haraka hivyo. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu ambavyo imethibitika husababisha saratani kwa binadamu. Maziwa tunayokunywa jioni "kusafisha kifua" yanakwenda tumboni. Moshi uko kwenye mapafu, na njia hizo mbili hazikutani. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali inaacha mianya mashavuni. Inayofaa ni ya daraja la N95 au FFP2, iliyobana uso, na ndevu nyingi huiharibia kazi. Ukichomelea bomba lililopakwa zinki bila tahadhari, jioni unaweza kutetemeka kwa baridi na homa, ukameza dawa za malaria bila kupima. Nyingi ya homa hizo ni za moshi wa zinki, nazo huisha kwa siku moja au mbili, kisha hurudi na bomba linalofuata. Pima malaria, ndiyo, lakini mweleze daktari ulichomelea nini. Na kabla ya kuunga, ondoa zinki pale pa kuungia ukiwa umevaa barakoa, halafu simama upepo ukupite ubavuni.

Nani anunue? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtwika mwajiri mzigo wa vifaa vya kinga. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Kwa maoni yangu, fundi anayemlipa kijana kwa siku ni mwajiri kamili. Ngao katika karakana ziwe mbili, ya anayechoma na ya anayeshika, na bati kuukuu lisimamishwe upande wa barabara, kwani watoto wa shule hupita pale wakikodolea macho.

Nilimweleza fundi haya, akanisikiliza kwa adabu. Kijana alipokuja kuniamkia, "Shikamoo mzee," niliona weupe wa macho yake umekuwa mwekundu. Nikamuuliza jana alilalaje. Akasema alilala na kanga mbichi usoni, na asubuhi akawahi kazini.