Pumu ya ngozi na hofu ya saratani ya damu

Butiama hakuna anayehitaji kuelezwa uzito wa saratani ya damu. Ndiyo iliyomchukua mwana wa hapa, Mwalimu Nyerere, London, tarehe 14 Oktoba 1999. Mama akija na mtoto anayejikuna mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti hadi ngozi inachubuka, akauliza kama ndiyo inaanza hivyo, namjibu bila kusita: pumu ya ngozi haigeuki kuwa saratani ya damu. Mtoto apakwe vaselini mara tu anapotoka kuoga, na krimu ya steroidi kwa siku alizoandikiwa tu.

Swali lake lina msingi, hata hivyo. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi wa kumbukumbu za matibabu za mamilioni ya watu, Uingereza na Denmark. Saratani nyingi hazikuonekana kuhusiana na pumu ya ngozi. Iliyojitokeza ni saratani ya mitoki, ambayo nayo huanzia kwenye chembe nyeupe za damu. Kwa upande wa Uingereza, wenye pumu kali ya ngozi waliugua aina moja ya saratani hiyo karibu mara mbili ya wasio nayo. Kwa wenye pumu hafifu ya ngozi tofauti ilikuwa ndogo sana. Mara mbili ya ugonjwa adimu bado ni ugonjwa adimu. Tena, wenye hali mbaya ndio wanaopewa dawa za kushusha kinga ya mwili, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha madhara ya ugonjwa na ya dawa.

Mimi nahofia zaidi saratani ya mitoki inayoanzia kwenye ngozi yenyewe, ikadhaniwa kuwa pumu ya ngozi. Huja kama mabaka makavu, na kwetu weusi mara nyingi huwa meupe kidogo, pasipofikiwa na jua: makalio, mapaja, kiuno. Krimu huyatuliza, kisha yanarudi, na mgonjwa anaendelea kununua tyubu Bunda na Musoma miaka nenda, miaka rudi.

Mtu mzima aliyepata pumu ya ngozi ukubwani na haponi aombe rufaa, hata ya hospitali ya Bugando, Mwanza, akatwe kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Mwenye mitoki iliyovimba, homa, jasho la usiku linalolowesha shuka, au anayekonda, asingoje. Na aje na tyubu zote alizopaka, hata za kujichubua, maana steroidi ya karibuni inaweza kuficha kwenye darubini kile tunachokitafuta.