KAMBA HAINA BREKI

Mwaka 1962 sinema ya Kimarekani iliyopigwa katika nchi yetu, na sehemu yake huku Momela chini ya Mlima Meru, ilitolewa ulimwenguni kwa jina la neno letu wenyewe: Hatari! Watazamaji walishangilia kuona motokaa zikiwafukuza vifaru na twiga. Leo wanyama wa Momela wamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha na wanalindwa. Hatari tunayotaka kuieleza leo ni ya namna nyingine, nayo haina wa kuishangilia. Ni hatari ya mfanyakazi aliyeketi katika gari bovu linalovutwa kwa kamba, likiteremka kutoka Momela kwenda Usa River.

Kazi hiyo ni ya kawaida mno hata hatuioni tena. Gari la watalii likiharibika, tajiri hupeleka gari jingine na kipande cha kamba, kisha dereva huambiwa, "Vuteni polepole." Lakini injini ikizimika, msaada unaorahisisha breki hukoma baada ya kukanyaga mara chache, na usukani huwa mzito. Kamba nayo huvuta tu, haizuii. Gari la mbele likipunguza mwendo kwenye mteremko, la nyuma halina habari. Huja na uzito wake wote. Anayeulizwa baadaye ni dereva, si kamba.

Nchi nyingine hutumia kigari kidogo cha magurudumu mawili. Magurudumu ya mbele ya gari bovu hupandishwa juu yake na kufungwa kwa mikanda, na ya nyuma hubiringika chini. Faida yake kubwa ni kwamba hapana haja ya mtu kukaa katika gari bovu. Hata hivyo kigari hiki si dawa ya kila gari. Kama injini husukuma magurudumu ya nyuma, shafti la nyuma na lifunguliwe kwanza, la sivyo gia zaweza kuungua njiani. Na gari ambalo magurudumu yake yote manne huendeshwa wakati wote na lipakiwe zima juu ya lori.

Sasa tuje kwenye sheria. Kigari hiki hakina injini, lakini huvutwa barabarani. Kwa hiyo sisi twasema ni tela. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuishia kwenye vyombo vyenye injini. Tela nalo huandikishwa. Asiyesadiki na asimame kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha atazame malori: kichwa kina namba yake, na tela lina namba yake. Kazi ya kuandikisha ni ya Mamlaka ya Mapato Tanzania. Wako wasemao kwamba ada ya gari ilikwisha kufutwa mwaka 2017. Hao wanachanganya mambo mawili. Iliyofutwa ni ada ya kila mwaka. Wajibu wa kuandikisha ungalipo.

Namba si pambo. Ajali ikitokea, namba ndiyo inayomtaja mwenye chombo. Aidha gari linalokokotwa huziba taa za gari la mbele. Kwa hiyo taa za breki, za kuonyesha kona, na namba, hazina budi kuonekana nyuma kabisa. Anayefuata usiku atajuaje kwamba aliye mbele anasimama?

Huko Marekani kila jimbo lina kanuni yake; baadhi hutaka kigari kiwe na namba, mengine hayataki. Uingereza hukihesabu kuwa tela, na kazi yake ni kuliondoa gari lililoharibika mpaka mahali pa usalama, wala si kusafirisha magari kutoka mji hata mji. Kanuni hii ya pili yatufaa sisi. Kigari kilitoe gari Momela mpaka gereji iliyo karibu. Safari ya Dar es Salaam ni ya lori.

Tajiri atasema kigari ni ghali. Twamjibu kwamba gharama yake yaweza kugawanywa kati ya wenye magari kadhaa, kwa maana magari yao hayaharibiki yote siku moja. Tena Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake kazini, na barabara ndiyo mahali pa kazi pa dereva.

Kwa hiyo twawaambia ndugu zetu madereva: mkipewa kamba kwa ajili ya mteremko, ulizeni kwanza ni nani atakayeshika breki. Na wenye magari twawaambia: leteni chombo kinachofaa, kiandikisheni, kiwekeeni taa. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Hawakusema baada yake.